Jinsi Wafu wa Majabali Walivyopiga Kura

Ngano, ngano!

— Ije!

Ije na nani?

— Ije na uongo wake!

Na ukweli je?

— Ukweli ubaki nje, utushikie mbwa!

Haya. Mmeitika vizuri, isipokuwa yule wa nyuma aliyeitika mara mbili. Ni nani yule? Hakuna mtu nyuma? Basi tuendelee.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, au iliniacha yenyewe, hatujaelewana mpaka leo. Lakini kwa ngano, kutoka hapa hadi mto unapokatika, hakuna anizidiye, na hao wanaonizidi wanajua wenyewe kwamba hawanizidi. Hii sikuisoma kitabuni. Nilipewa na nyanya yangu, naye alipewa na mtu aliyekuwepo, aliyeketi mlangoni siku ile akiona yote. Mtajua baadaye alikuwa ameketi kwa sababu gani.

Hapo kale nchi ilikuwa moja na ndefu, na mkubwa wake alikuwa Fisi. Fisi alikaa Shimo Kuu, katikati ya nchi, na kila kitu kilikaa naye. Ukitaka kuchimba kisima, ruhusa inatoka Shimo Kuu. Ukitaka kumpa mtoto jina, ruhusa inatoka Shimo Kuu. Ukiwashwa mgongo, utajikuna, lakini taarifa utapeleka Shimo Kuu.

Na ukifa je? Hapo ndipo ilipolala ngano yangu.

Nchi nzima ilikuwa na ngoma moja tu ya mazishi, jina lake Mfunika. Ilikuwa ngoma kubwa ya gogo, juu ngozi, chini wazi. Mfunika akilia mara tatu, ndu! ndu! ndu! ndipo watu waruhusiwe kuchimba kaburi. Sheria yake ilikuwa na mistari miwili, na Kunguru, karani wa Fisi, aliijua kwa kichwa:

“Asiyepigiwa Mfunika hajafa. Aliyepigiwa Mfunika amekufa. Kwaa!”

Hilo kwaa halikuwa katika sheria, lakini Kunguru hakuweza kusoma bila kulitia.

Fisi akaongeza lake. Kabla ya kuipiga ngoma, alisema, lazima amkague marehemu kwa macho yake mwenyewe. Basi marehemu wakabebwa kwenda Shimo Kuu kukaguliwa. Ngoma ilisikika. Marehemu hawakuonekana tena. Na Fisi akazidi kunawiri mashavu.

Sasa, mbali na Shimo Kuu, siku saba kwenda na siku saba kurudi, palikuwa na vilima vya mawe vilivyoitwa Majabali. Watu wa Majabali walikuwa wadogo wadogo: pimbi, nungunungu, kobe, kware, panya wa miambani. Wadogo, lakini wabishi. Walipoona wafu wanakwenda na hawarudi, wakasema, “Sisi wetu hatupeleki. Mtupigie ngoma tuzike.”

Wakamtuma Kobe. Akaenda, akarudi. Wamesemaje? “Wamesema tusubiri.”

Wakamtuma Kware. Akaenda, akarudi. Wamesemaje? “Wamesema tusubiri.”

Wakamtuma Nungunungu, mama mzima mwenye maneno yake. Akaenda, akarudi, miiba imelala. Wamesemaje? “Wamesema faili iko mezani. Tusubiri.”

Wakasubiri. Na kwa kuwa asiyepigiwa ngoma hajafa, hawakuweza kuwalaza wafu wao; kuwalaza ni kuvunja sheria. Wakawaketisha. Kila mlango wa mwamba ukawa na mtu wake ameketi nje, amevikwa nguo ya magome, uso ameuelekeza njia ya Shimo Kuu, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja juu, kama anayengoja kupewa cheti. Asubuhi waliwekewa uji katika bakuli la mti, maana kisheria walikuwa hai, na aliye hai hanyimwi uji. Jioni mabakuli yalikutwa matupu. Wengine walisema ni siafu. Siafu hawakupanda Majabali mwaka ule, wala mwaka wa kabla yake.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kwa bahati, miaka yote mitatu mvua haikunyesha, na watu wa Majabali, kwa mara ya kwanza tangu dunia kuumbwa, waliushukuru ukame. Kwa nini? Kwa sababu kule wanalijua jambo moja ambalo hata mtoto wa kunyonya analijua: maiti asiyefunikwa akinyeshewa, huanza kuita. Huwaita walio hai kwa majina yao, mmoja mmoja. Na anayeitika hamalizi juma.

Ndipo mama yake Pimbi akafa.

Pimbi huyu alikuwa binti mdogo wa mwili, macho makali, mdomo mkali zaidi. Alikuwa na mama tu, na mama alikuwa naye tu. Saa ya mwisho mama alimshika sikio, akamvuta karibu.

“Mwanangu, mimi sina deni nawe. Ila usiniache nikanyeshewa.”

“Haitanyesha, mama.”

“Magoti yangu yanasema itanyesha.”

Akafa. Pimbi akatoka nje kumketisha, akatazama juu. Kwenye ukingo wa mbingu palikuwa na wingu dogo kama upawa.

Nungunungu akaja kumpa pole. Hakukaa. Alisimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

“Binti yangu, nikuambie kitu, usimwambie mtu. Mume wangu pale mlangoni, jana umande ulimpata kidogo begani.”

“Ee?”

“Aliguna.”

“Aliguna vipi, shangazi?”

“Mmmmh. Hivyo tu. Mmmmh. Kama mtu anayetafuta jina lililo mdomoni.”

Jua lilikuwa la utosi, hakuna mdudu aliyelia, na wafu sitini na mmoja walikuwa wamenyoosha mikono.

“Nakwenda Shimo Kuu,” akasema Pimbi.

“Kufanya nini? Kuambiwa subiri?”

“Kuleta ngoma.”

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, cheka-cheka-cheka. Halafu akaona Pimbi hacheki.

Siku saba. Njia ya Shimo Kuu ilikuwa nyeupe, na Pimbi alipoinama kutazama weupe ule ni wa nini, alisimama wima tena na hakuinama tena njia nzima. Mjini hapakuwa na moshi wa jikoni. Hapakuwa na harufu ya chakula, ingawa kila mtu alikuwa ameshiba. Alipelekwa katika chumba cha kungojea, akapewa kiti. Kiti kilikuwa na miguu minne, na mmoja ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, ukapinda kuelekea ndani. Pimbi alikuwa na mjomba aliyeanguka mwambani akavunjika mguu, ukaunga vibaya, ukapinda kuelekea ndani. Mjomba alibebwa kwenda kukaguliwa zamani, kabla Majabali hawajakataa kupeleka wafu wao.

Pimbi akasimama. Akangoja kwa miguu.

“Nani yuko hapo?” ilisikika sauti ya Fisi kutoka gizani mwa shimo.

“Ni mimi Pimbi wa Majabali, Mtukufu.”

“Umeleta nini?”

“Ombi.”

“Linaliwa?”

“Haliliwi, Mtukufu.”

“Basi sema upesi.”

“Mama yangu amefariki. Naomba apigiwe Mfunika.”

“Mlete nimkague.”

“Ni mbali, Mtukufu, na mvua inakaribia. Mimi naona, kwa akili yangu hii ndogo, ingefaa ngoma ije kwetu. Tuchague baraza letu, lishike ngoma, tuzikane wenyewe kwa wenyewe.”

Siku hizi wasomi wanaliita jambo hilo ugatuzi. Sisi zamani hatukuwa na neno. Tulisema tu: leteni hapa na sisi tushike.

Fisi akacheka. Mnakijua kicheko chake: hii! hii! hiiii! Kilizunguka ndani ya shimo na kutoka kimebeba baridi.

“Karani! Si tuna sheria ya mambo hayo?”

“Tunayo, Mtukufu,” akasema Kunguru. “Uliitunga mwenyewe mwaka ule watu walipokuwa wanapiga kelele. ‘Sehemu yoyote ya nchi ikipata kura mia moja, siku moja, kabla jua halijatua, ikachagua baraza lake, na ipewe Mfunika.’ Kwaa.”

“Na Majabali ina watu wangapi walio hai?”

“Thelathini na tisa, Mtukufu. Pamoja na huyu.”

“Hii! hii! hiiii! Kabinti, nendeni mkachague! Nani atawazuia? Mimi mwenyewe ndiye baba wa uchaguzi!”

Pimbi akainamisha kichwa, akafanya sauti ndogo kama ya mtu aliyeshindwa.

“Sawa, Mtukufu. Ila uje mwenyewe usimamie, tusije tukaiba kura. Na Mfunika umlete, kwa sababu tukishindwa itabidi uwakague wale wafu wetu hukohuko. Ni wengi. Wamekauka vizuri na jua. Mifupa yao ukiigonga inalia kama kauri.”

Gizani yakasikika mate yakimezwa, gulp.

“Wangapi?”

“Sitini na mmoja, Mtukufu.”

“Karani,” akasema Fisi, “funga safari.”

Wingu siku ile lilikuwa kubwa kama ungo.

Pimbi alitangulia. Hakulala njiani, alifika Majabali na vumbi kope zote. Hakwenda kwanza kwa wazee. Alikwenda kwa nyuki. Alichukua nta, masega manne yaliyokwisha kukamuliwa, akaiponda kwa mate. Kisha akaokota kokoto sitini na moja. Akapita mlango kwa mlango. Kwa kila mfu alisema, “Samahani, babu,” au “Samahani, bibi,” akaugeuza mkono ulionyooka, krrk, kiganja kikaangalia chini. Akabandika kokoto kiganjani kwa nta. Akasogeza bakuli la uji chini ya mkono.

Krrk. Samahani, babu. Krrk. Samahani, bibi. Mume wa Nungunungu alipogeuzwa mkono, akaguna mmmmh, na Pimbi akamjibu, “Najua, mjomba, najua,” akapita haraka.

Wa mwisho alikuwa mama yake. Hapo hakusema samahani. Alibandika kokoto, akaunyoosha vizuri ule mkono mdogo wa mama, kiganja chini, akamfuta vumbi la pua, akasema, “Mama, uniazime mkono wako leo tu.”

Siku ya pili Fisi akafika, Kunguru juu ya kichwa chake, na punda milia wanane wamebeba Mfunika. Begani alikuwa na magunia matatu.

“Magunia ya nini, Mtukufu?” akauliza Kobe.

“Ya kubebea karatasi za kura.”

“Lakini sisi tunapiga kura kwa kokoto.”

“Basi ya kokoto! Mbona mzee mwenye nyumba mgongoni una maswali mengi? Anzeni!”

Utaratibu wa Majabali ulikuwa huu: kila mtu anapiga kura mlangoni pake, katika bakuli lake, kwa mkono wake. Mgombea wa kuongoza baraza alikuwa Pimbi peke yake. Wengine walikumbuka kwamba wana kazi shambani. Fisi akapanda jiwe refu katikati, mahali ambapo milango yote inaonekana. Jua lilikuwa limekaa utosini, kali kama matusi.

Walio hai wakapiga kura. Ko! Ko! Ko! Ko! Kunguru akahesabu.

“Thelathini na tisa. Kwaa.”

“Imekwisha!” Fisi akaruka jiweni. “Mmeshindwa, poleni, ndiyo siasa. Sasa ukaguzi!” Akafungua mdomo wa gunia la kwanza.

“Bado, Mtukufu,” akasema Pimbi. “Wapiga kura wengine sitini na mmoja wako foleni.”

“Wapi?”

“Hao walioketi.”

“Hao wamekufa!”

“Nani kasema?”

“Mimi nasema! Mtu mzima na macho yangu! Wamekufa, wamekauka, wamekuwa…” hapo akameza mate, “…wamekuwa tayari.”

“Wamepigiwa Mfunika?”

Fisi akaigeukia ngoma.

“Karani,” akasema Pimbi, “hebu tusomee.”

Kunguru, maskini, alikuwa karani. Karani akiambiwa soma, husoma. “‘Asiyepigiwa Mfunika hajafa.’ Kwaa.”

“Kwa hiyo, Mtukufu, chagua,” akasema Pimbi. “Kama hawa wamekufa, wapigie ngoma sasa hivi, tuwazike wote leo chini ya mawe mazito, na gunia lako lirudi tupu. Kama hawajafa, ni wananchi, na mwananchi ana kura.”

Fisi akazunguka. Akatazama magunia. Akawatazama wafu. Akili yake ilikuwa ndogo, lakini tumbo lake lilikuwa na akili nyingi, na tumbo ndilo lililojibu.

“Hawajafa! Nani kawazika? Wapige kura, wapige! Lakini kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kubebewa, hakuna kushikwa, mtu asiwasogelee! Nasubiri mpaka jua litue. Hii! hii! hiiii! Haya, wananchi wangu, pigeni!”

Watu wa Majabali wakarudi nyuma. Jua likawaka. Wafu sitini na mmoja wakakaa na mikono mbele, kila mkono na kivuli chake kidogo ndani ya bakuli.

Fisi akacheka.

Jua likawaka.

Fisi akacheka kidogo.

Ko.

Ilitoka mlango wa mbali, kwa bibi wa Kware aliyekuwa ameketi pale miaka mitatu. Fisi akageuza shingo. Bibi wa Kware alikuwa vilevile, ila kiganja kilikuwa kitupu.

Ko. Nyuma yake. Ko. Kushoto. Ko, ko. Kunguru akaanza kuhesabu na sauti ikamkauka. Ko. Ko. Mara mlango huu, mara mlango ule, bila mpango, polepole, kama watu wazima ambao hawana haraka. Watu wa Majabali, ambao Pimbi hakuwaambia siri ya nta, wakakumbatiana. Punda milia walikata kamba wakakimbia, na mpaka leo hawajarudi kubeba mzigo wa mtu. Mume wa Nungunungu alipoangusha yake, aliguna, mmmmh, kama mtu aliyeridhika.

“Tisini na saba,” akasema Kunguru. Ko. “Tisini na nane.” Ko. “Tisini na tisa.”

Kisha baridi ikapita.

Pimbi akatazama juu. Lile wingu, lililokuwa kama upawa, lililokuwa kama ungo, sasa lilikuwa kama zizi la ng'ombe elfu, na lilikuwa limelimeza jua zima. Kivuli kikaja juu ya Majabali kama blanketi. Nta haiyeyuki kivulini.

Wakatazama wote. Bakuli moja lilikuwa tupu bado. La mama yake Pimbi.

Wakangoja. Fisi akaanza kufurahi. “Tisini na tisa,” akasema taratibu. “Tisini na tisa si mia, kabinti. Mvua inakuja. Nipishe nifanye kazi.” Akaokota gunia, akaenda akisukasuka kuelekea kwa yule bibi mdogo aliyeketi, akainama, akaleta pua yake karibu na uso wake, akanusa.

Pimbi hakuwa na hila nyingine. Nawaambia kweli, na mimi kweli huisema kwa nadra: alikuwa amekwisha. Alisema tu, kwa sauti ya mtoto, “Mama.”

Ko.

Fisi alirudi nyuma hatua sita bila kugeuka.

Wapo wanaosema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Wapo wanaosema ni pumzi ya Fisi ilikuwa moto. Labda. Mimi sikuwepo, aliyekuwepo nimeshawaambia alikuwa ameketi.

“Mia,” akasema Kunguru. Hakutia kwaa.

Sasa mkubwa akishindwa, hukabidhi. Lakini angalieni anavyokabidhi! Fisi alijifuta jasho, akasema kwa sauti nzito, “Hongereni. Mfunika ni wenu. Ila madaraka yakihama mkono hayatazamwi, ndiyo mila. Geukeni mwambani, mfumbe macho, mpaka karani awaambie.”

Wakageuka. Nyuma yao wakasikia kukwaruza, kuhema, kitu kikibanwa, brrp. Kisha Kunguru akasema, “Mtukufu ameondoka. Kwaa.”

Wakageuka tena. Fisi hakuwepo. Ngoma ilikuwepo, imesimama, na tundu la chini limezibwa majani. Mkwiro, kile kigongo cha kuipigia, haukuwepo. Amewapa ngoma, ameondoka na kigongo.

Nungunungu akapiga makofi ya hasira. “Si unaona! Wametugawia pipa!”

Pimbi alikuwa anaitazama ngozi ya ngoma. Ngozi ilipanda. Ngozi ilishuka. Ngozi ilipanda. Ngozi ilishuka. Na chini, kwenye majani, udenda ulikuwa unachuruzika, tii, tii, tii.

Akaelewa yote. Fisi angengoja wafu wafunikwe, watu wakimbilie mapangoni kujikinga na mvua, kisha atoke ndani ya ngoma yao wenyewe na kula kaburi kwa kaburi. Pimbi hakupiga kelele. Alisema kwa nguvu, na kwa heshima:

“Wananchi! Mkwiro hatuna, lakini michi ya kutwangia tunayo. Kila marehemu anapigiwa mara tatu, na hawa walingoja miaka, kwa hiyo wapigiwe kwa mikono miwili. Shangazi, anza wewe. Wako.”

Nungunungu alileta mchi wa mpingo. Alikuwa na miaka mitatu ya “subirini” katika misuli.

NDU! — “Aii,” ikasema ngoma.

NDU! — “Aii-ii,” ikasema ngoma.

NDU! — “Mama yangu,” ikasema ngoma.

“Ngoma ya Shimo Kuu ina sauti nzuri,” akasema Kobe.

Wakachimba, wakazika. Wakapiga, wakazika. Sitini na mmoja mara tatu ni mia na themanini na tatu. Nimehesabu mwenyewe kwa vidole, nilipopungukiwa nikaazima vya jirani. Wa mwisho alikuwa mama. Pimbi alimbeba mwenyewe. Kabla ya kumfunika alikigeuza kile kiganja ili akipanguse nta.

Nta ilikuwa ngumu. Haikuwa imeyeyuka hata kidogo. Katikati yake palikuwa na shimo dogo, zuri, lenye umbo la kokoto, kama mahali ambapo mtu amebandua kokoto kwa ukucha.

Pimbi akakikunja kiganja. Hakumwambia mtu. Aliweka jiwe la mwisho, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jiwe, si juu ya mama.

“Tumemaliza,” akasema Nungunungu.

“Bado mmoja,” akasema Pimbi, akachukua mchi mwenyewe. Ndu. Ndu. Ndu. Polepole, kwa adabu yote.

Kisha akang'oa majani ya chini. Fisi alitoka kinyumenyume, mkwiro mdomoni, mgongo umeshuka nyuma kama paa la banda bovu, na hivyo ndivyo ulivyo mpaka leo.

“Nitawanyonga!” akasema. “Nitawafutia baraza! Mimi ni mkubwa wa nchi!”

“Karani,” akasema Pimbi, “mstari wa pili.”

Kunguru akamtazama Fisi. Akamtazama Pimbi. Akaruka, akatua juu ya bega la Pimbi. “‘Aliyepigiwa Mfunika amekufa.’ Kwaa.”

“Mimi ni hai! Nitazameni! Nahema!”

“Hilo ni ombi,” akasema Pimbi. “Ombi la kuwa hai linaletwa barazani, linajadiliwa. Subiri.”

“Basi nizikeni!”

“Na hilo ni ombi jingine. Subiri.”

Mvua ikafunguka. Watu wa Majabali wakaingia chini ya mwamba mpana uliokuwa ukumbi wa baraza. Fisi akataka kuingia. Wakamwambia kwa upole kwamba ukumbi ni wa walio hai. Akabaki nje katikati ya makaburi, maji yakimtiririka. Amekufa, hajafunikwa, na ananyeshewa.

Alifungua mdomo acheke. Hakikutoka kicheko.

“Nuuu-ngunuuu-nguuuu…”

Nungunungu akageuka na “abee” mdomoni. Pimbi akamziba mdomo kwa mikono yote miwili.

“Kooo-beee…”

Kobe akaingia nyumbani kwake akajifungia.

“Kwaaa-reeee…”

Aliwaita wote thelathini na tisa, mmoja mmoja, bila kukosea. Wa mwisho aliita, “Piii-mbiii…” na Pimbi, aliyekuwa amekaa mahali pa juu pa baraza, kokoto mia ndani ya bakuli mbele yake, alitazama nje kwa muda mrefu. Hakuitika.

“Mheshimiwa,” akanong'ona Kunguru begani, “faili yake niiweke wapi?”

“Mezani,” akasema Pimbi.

Na ipo mezani hadi leo.

Basi ngano yangu imefika kaburini, nimeifunika kwa jiwe. Kama ilikuwa tamu, mimi ndiye mpishi. Kama ilikuwa chungu, mlikuja na midomo yenu hivyo.

Na fundisho lake, andikeni wanaojua kuandika, ni hili: mdogo asishindane na mkubwa, maana atashindwa. Ruhusa ni kitu kizuri, ikae mbali, ichelewe, ndiyo heshima yake. Na wafu wasipige kura kamwe, ila wakikosekana wa kutosha.

Na mkiwa njiani kwenda kwenu, mkasikia kule makaburini mtu anayaita majina yenu kwa sauti ya kuvuta, msiitike. Mwambieni asubiri.

Haya, nani tena ameitika pale nyuma?